Kliniki Moja, Majibu Mawili: Tathmini ya Huduma ya Fiziotherapia kwa Anayekimbia Huku Akiumia

Katika kipindi cha mwaka mmoja na nusu nimetibiwa mara mbili katika kliniki ileile ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi, iliyoko Kinondoni, jijini Dar es Salaam, kila mara nikiwa na mguu unaouma na swali lilelile mdomoni: niendelee na mazoezi au niache? Mara ya kwanza nilitamani niambiwe niendelee, nikaambiwa niache kukimbia siku hiyohiyo. Mara ya pili nilikuwa nimekwisha kuacha mwenyewe kwa hofu, nikaambiwa nianze kuutumikisha mguu jioni ileile, hata kama utauma. Majibu yote mawili yalikuwa sahihi, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika tathmini hii. Fedha niliyolipa pale ililipia hasa uwezo wa kutofautisha maumivu na maumivu, uwezo ambao sikuukuta mahali nilipokuwa nikifanyia mazoezi. Sitaji jina la kliniki wala la ukumbi wa mazoezi, kwa kuwa ninachopima ni huduma, na msomaji anaweza kutumia vipimo hivi popote alipo.

Nianze na ukumbi, maana bila huo nisingefika kliniki. Ulikuwa safi, wenye vyuma vya kutosha na kocha mchangamfu aliyetujua wote kwa majina, na kwa miezi miwili ya kwanza nilinufaika nao: nilipungua uzito, nililala vizuri, nikapanda ngazi za ofisini bila kutweta. Tatizo lilianza nilipojiandikisha katika programu ya wiki nane ya kuwaandaa watu kwa kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, mbio zinazokimbiwa Moshi kila mwaka karibu na mwisho wa Februari. Ndani ya wiki moja tulitoka kukimbia mara mbili hadi mara tano, tukaongezewa kuruka kamba juu ya sakafu ya saruji na kuruka juu ya masanduku ya mbao, na kila aliyelalamika alijibiwa neno moja: kaza. Aliyeumwa mgongo aliambiwa akaze, aliyeumwa goti aliambiwa akaze, na mimi niliposema kwamba muundi wa mguu wa kushoto unanichoma, nilikumbushwa kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ukutani palikuwa na picha kubwa ya John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania, akiwa amefungwa bendeji mguuni katika Olimpiki ya Mexico City, mwaka 1968. Kocha alituelekeza kwenye picha ile kila mmoja wetu alipopunguza mwendo. Nitairudia picha hiyo baadaye, kwa sababu imenisumbua kuliko nilivyotarajia.

Nilijikaza kwa wiki tatu. Mwanzoni muundi uliuma dakika za mwisho za mbio tu, kisha ukaanza kuuma mapema zaidi, kisha ukawa unauma hata nikitembea kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani, na mwishowe nikaamka usiku kwa mguu uliokuwa ukipwita kitandani. Siku iliyofuata nilikwenda kliniki nikichechemea.

Mfiziotherapia aliyenipokea ni dada mdogo kwangu kwa miaka kama kumi. Aliniamkia shikamoo, akanipa kiti, na kwa robo saa nzima hakunigusa. Aliuliza maumivu yalianza lini na wiki hiyo nilibadilisha nini. Aliuliza kama yanakuja mwanzoni mwa mbio kisha yanapoa mwili ukishapata moto, au yanaongezeka kadiri ninavyokimbia. Aliuliza kuhusu usiku. Aliuliza ninakula nini, na nilipomweleza kwamba programu ilitutaka tuache ugali, wali na viazi ili tupungue haraka, akauliza kwa sauti ya chini kama hedhi yangu inakuja kama kawaida. Ilikuwa haijaja kwa miezi mitatu. Sikuwa nimewaza kabisa kwamba jambo hilo lina uhusiano na mguu, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza.

Baada ya hapo akasema, "Dada, weka kidole kimoja panapouma kuliko pote." Niliweka. Akaweka chake palepale, akabonyeza, nami nikaruka kitini. Akahamisha kidole sentimita mbili juu, akabonyeza vilevile, na sikusikia kitu. Kisha akaniomba nisimame na kuruka kwa mguu mmoja, nikianza na ule mzima. Kwa mguu wa kulia niliruka mara kumi bila taabu. Kwa wa kushoto niliruka mara moja, nikashika ukuta.

Maelezo yake yalikuwa marefu, na nayaandika hapa kwa sababu ndiyo sehemu ya huduma iliyonifaa zaidi. Maumivu ya muundi yanayosambaa katika ukingo wa ndani wa mfupa kwa urefu wa sentimita tano au zaidi ni jambo la kawaida kwa wakimbiaji wapya, na mara nyingi hutulia mtu akipunguza mbio na kuimarisha vigimbi. Maumivu yanayokaa mahali padogo panapofunikwa na ncha ya kidole, yanayozidi kadiri mtu anavyokimbia na yanayomfuata hadi kitandani, ni ishara kwamba mfupa wenyewe umeanza kuchoka. Mfupa ni kitu hai. Ukipewa mzigo mpya, mwili hubomoa kwanza sehemu iliyozeeka ndipo ujenge mpya, na kujenga huchukua muda mrefu zaidi kuliko kubomoa. Anayeongeza mbio kwa pupa anakimbilia juu ya mfupa uliokwisha kubomolewa na haujajengwa, na iwapo chakula ni pungufu kiasi kwamba mwili umesimamisha hedhi, basi hata vifaa vya kujengea havipo. Tumezoea kusema kwamba mwili haujengwi kwa matofali, na siku hiyo msemo huo ulinigusa kwa namna mpya.

Alinielekeza kwa daktari wa mifupa. Picha ya eksirei haikuonyesha chochote, na kocha alipoiona alifurahi, akaniambia mfupa ni mzima na nirudi Jumatatu. Kama mfiziotherapia asingenitahadharisha mapema kwamba katika wiki za mwanzo eksirei inaweza kutoka safi huku mfupa ukiwa umeumia, ningerudi kweli. Kipimo cha MRI, ambacho kilinigharimu karibu mara nane ya ada ya kliniki, kilionyesha uvimbe wa jeraha ndani ya mfupa, palepale tulipoweka vidole.

Nilikaa wiki saba bila kukimbia. Niliruhusiwa baiskeli ya kusimama na kuogelea, nikarudishiwa ugali wangu, na daktari akafuatilia suala la hedhi hadi likakaa sawa. Kurudi mbioni kulianza na dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea, siku moja kukimbia na siku moja kupumzika, kwa sharti ambalo halikuwa na mjadala: mfupa ukiuma hata kidogo, nisimame na nirudi hatua moja nyuma. Kwa mfupa hakuna kiwango cha maumivu kinachovumiliwa. Mbio za Moshi za mwaka ule zilinipita, na sina kinyongo nazo.

Miezi minane baadaye, nikiwa nimeshafikia kilomita 12 kwa raha katika barabara ya ufukweni kupita Coco Beach, kano ya kisigino cha kulia ilianza kukakamaa. Asubuhi nilitembea kama bibi kizee hadi jikoni, na baada ya dakika kumi ikalegea. Nikianza kukimbia iliuma, nikipata moto ikatulia, jioni ikarudi. Kwa kuwa nilikwisha kuungua na uji, nilipuliza hata maji ya baridi: niliacha kila kitu kwa wiki tano, nikavaa viatu vya kisigino laini, nikapanda lifti badala ya ngazi. Nilipojaribu tena kukimbia, kano iliuma zaidi kuliko nilipoacha.

Dada yule alinisikiliza vilevile, akabana kano kwa vidole viwili sentimita kama nne juu ya kisigino hadi akapata palipovimba, kisha akanipeleka kwenye ngazi za nje ya kliniki. Akaniambia nisimame kwa ncha za miguu kwenye ukingo wa ngazi, ninyanyuke kwa miguu yote miwili, kisha nishuke polepole kwa mguu mbovu peke yake hadi kisigino kizame chini ya usawa wa ngazi. Iliuma. Nikasimama. Akauliza, "Kutoka sifuri hadi kumi, ni ngapi?" Nikasema nne. Akasema, "Basi endelea, dada. Nne tunaikubali."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mtu yuleyule aliyenikataza hata chembe ya maumivu mwaka uliopita sasa alikuwa akinihesabia nikiumia. Hapo alinieleza kwamba kano haina tabia ya mfupa. Kano iliyochoka ikipumzishwa kabisa huzidi kudhoofu, kwa sababu nguvu yake inatokana na kuvutwa, na asiyeivuta kwa wiki tano anairudisha barabarani ikiwa dhaifu kuliko alivyoiacha. Alinitajia kazi ya daktari Håkan Alfredson wa Umeå, Uswidi, ambaye mwaka 1998 aliwapa wakimbiaji 15 wa kawaida, waliokuwa wakisubiri kufanyiwa upasuaji, zoezi hilihili la kushusha kisigino: marudio 180 kwa siku, kila siku, kwa wiki 12, wakiambiwa waendelee hata wakiumia, isipokuwa maumivu yakiwa ya kuwalemaza. Wote 15 walirudi kukimbia. Akanitajia pia utafiti wa Karin Grävare Silbernagel na wenzake wa mwaka 2007, nchini Uswidi vilevile, ambao uligawa wagonjwa 38 wa kano ya kisigino katika makundi mawili. Kundi moja liliendelea kukimbia na kuruka likipima maumivu yake, la pili lilipumzika na mbio kwa wiki sita, na yote mawili yalifanya mazoezi yaleyale ya tiba. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa, na walioendelea kukimbia hawakuwa nyuma ya wenzao.

Kutoka katika utafiti huo wa pili ndipo ilipotoka kanuni aliyoniandikia kwenye karatasi, ambayo mpaka leo imebandikwa kwenye mlango wa friji yangu. Wakati wa zoezi maumivu yanaweza kufika tano kati ya kumi. Yanaweza kufika tano hata baada ya zoezi, lakini kufikia asubuhi yawe yametulia. Na maumivu pamoja na kule kukakamaa kwa asubuhi visiongezeke wiki hadi wiki. Asubuhi ndiyo hakimu. Kwa wiki 12 niliamka, nikatembea hadi jikoni nikihesabu hatua kabla kano haijalegea, na kuandika namba kwenye daftari. Wiki ya kwanza zilikuwa hatua 60 hivi. Wiki ya sita zilikuwa 20. Kuna asubuhi moja katika wiki ya nne namba iliruka hadi 80, kwa sababu jana yake nilijiona nimepona nikaongeza begi lenye kilo kumi mgongoni. Nilipompigia simu hakunigombeza. Alisema niondoe begi kwa siku tatu, nibaki na zoezi, nitazame tena asubuhi. Ikashuka.

Kuhusu yale maumivu ya kawaida ya misuli, yanayokuja siku moja au mbili baada ya skwati nyingi kiasi cha mtu kushindwa kukaa chooni, siihitaji kliniki, wala msomaji hahitaji kulipa ili aambiwe. Hutokana na misuli kufanyishwa kazi ambayo haijaizoea, huuma pande zote mbili, hulegea mtu akitembeatembea, na huondoka ndani ya siku chache. Makocha wengi husema ni asidi ya laktiki iliyoganda kwenye misuli. Si kweli: laktiki husafishwa mwilini ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, kabla maumivu hayo hayajaanza.

Sasa kasoro, maana huduma hii haikosi. Ziara ya kwanza ililipiwa shilingi 50,000 na kila iliyofuata 40,000, na bima yangu haikulipia hata moja. Kwa mtu wa kipato cha kawaida hizo ni fedha nyingi, hasa akipangiwa kuja mara mbili kwa wiki kama nilivyopangiwa mwanzoni. Nilipouliza kama ni lazima, mfiziotherapia alikubali kwamba zoezi la ngazini naweza kulifanya nyumbani na nije kila baada ya wiki tatu. Ningependa angeniambia hivyo bila kuulizwa. Katika ziara mbili nililazwa dakika 20 na mashine ya umeme ikinitekenya kigimbi, nikalipia, na sikuona imeongeza chochote juu ya kile ambacho ngazi ilikuwa ikifanya. Muda wa miadi hauheshimiwi. Mara tatu nilisubiri zaidi ya saa moja. Na karatasi za mazoezi zilizochapishwa zote ni za Kiingereza. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu alikuwa akiangalia michoro tu, na mmoja ulionyesha goti lililokunjwa kwa namna ambayo hata mimi sikuielewa. Kliniki inayojua kueleza vizuri hivyo kwa mdomo inaweza kabisa kuandika kwa lugha ya wateja wake.

Jambo moja nililipenda sana ni kwamba walijua mipaka yao. Ukutani, mahali ambapo ukumbi wetu ulikuwa na picha ya Akhwari, kliniki ina orodha ya watu wasiopaswa kukaa kwenye foleni ile. Anayebanwa na kifua wakati wa mazoezi, hasa maumivu yakielekea mkononi au taya, aache palepale na aende hospitali. Vivyo hivyo kwa ambaye kigimbi chake kimoja kimevimba na kuwa cha moto bila kujigonga, kwa mwenye maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi mapajani au kushindwa kuzuia mkojo, na kwa ambaye baada ya mazoezi mazito asiyoyazoea anakojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kwa kuwa misuli iliyoharibika inaweza kuziumiza figo. Hapo hakuna swali la kujikaza.

Walinikanya pia kuhusu vidonge. Pale ukumbini ilikuwa desturi kumeza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kabla ya mbio ndefu, na mwenzangu mmoja alitembea nazo kwenye mfuko wa kaptura. Kidonge hicho humnyamazisha shahidi wa pekee uliye naye, na katika joto la Dar es Salaam, mtu akiwa amekaukiwa na maji, kinaongeza mzigo kwa figo. Mtu ambaye hawezi kukimbia bila kidonge, alisema dada yule, hana haja ya kuniuliza kama akimbie.

Narudi kwa Akhwari, kama nilivyoahidi. Mzee yule alianguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bendeji, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, akasema nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza. Ninamheshimu kwa moyo wote, na picha yake inastahili kutundikwa. Kinachoniuma ni kuona inatumika kumsukuma karani wa miaka 39 aruke kamba Alhamisi asubuhi juu ya mfupa unaopasuka. Mbio zake zilikuwa siku moja, za Olimpiki, na alijua anachokinunua kwa goti lile. Mimi Alhamisi yangu inarudi kila wiki, na hakuna taifa linalonisubiri mwisho wa kamba. Isitoshe, ukumbini hakuna aliyetuambia kwamba mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari alimaliza marathoni akiwa wa tano. Goti lile lilipona. Kuna miezi ya subira nyuma ya nafasi ile ya tano ambayo haikupigwa picha, na ningependa kocha wetu angetusimulia hiyo pia.

Kwa hiyo nani aende kliniki ya namna hii? Kwa maoni yangu, aende ambaye maumivu yake yamekaa mahali pamoja zaidi ya wiki mbili, ambaye anachechemea, ambaye maumivu yanamwamsha usiku, na vilevile yule aliyeacha mazoezi kwa hofu na bado haponi, maana huyu wa mwisho husahaulika. Aende na raba anazokimbilia, si mpya alizonunua jana. Dada yule alizigeuza zangu na kusoma soli kama mtu anayesoma barua. Aende na daftari lenye tarehe na kiasi alichokimbia kila wiki, kwa kuwa swali la kwanza litakuwa nini kilibadilika. Aulize mapema ni mazoezi gani anaweza kuyafanya nyumbani, na aikatae mashine ya umeme kwa adabu kama hajaelezwa inatibu nini. Jumamosi asubuhi foleni huwa fupi kuliko siku za kazi.

Ukumbi wa mazoezi nimeuhama. Nilikwenda kuaga, nikamweleza kocha kuhusu kipimo cha kidole kimoja, naye alikisikiliza hadi mwisho na kujaribu kukibonyeza kwenye muundi wake mwenyewe. Kano yangu asubuhi ya leo imedai hatua nne. Nimejiandikisha tena kwa kilomita 21 za Moshi.